Gari Limevuka Bahari, Onyo Limebaki Ng'ambo

Siku ya Krismasi mwaka 2016, katika barabara isiyo na taa huko Surrey, kusini mwa Uingereza, BMW moja ilizimika ghafla. Umeme wote ulikata: taa za mbele, taa za nyuma, taa za breki, hata hazadi. Gari likabaki barabarani katikati ya giza bila alama yoyote ya kumwonya anayekuja. Mzee mmoja aliyekuwa akija na Ford Fiesta alilikuta mbele yake, akalikwepa, akagonga mti, akafa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara hasira yangu huanza upya, kwa sababu kosa lililomuua mzee yule lilikuwa linajulikana. Lilikuwa limeandikwa na kuwasilishwa serikalini, dawa yake imepatikana na mafundi wamefundishwa kuitibu. Ila katika nchi nyingine.

Kosa lenyewe ni dogo kiasi cha kutia uchungu. Katika magari yale betri hukaa nyuma, kwenye buti. Waya mnene wa chanya hutoka huko, hupita chini ya sakafu na kwenda kuungana na kisanduku cha fyuzi mbele. Pale kwenye kiungio ndipo penye ugonjwa. Umeme mwingi ukipita kwenye kiungio kisichobana sawasawa, kinapata moto. Kadiri kinavyopata moto ndivyo kinavyochakaa, na siku moja kinakatika gari likiwa kwenye mwendo. Fundi yeyote wa umeme wa magari aliyewahi kuona kichwa cha betri kilicholegea kikiungua anaelewa jambo hili bila kuchorewa picha.

Februari 2013 kampuni ya BMW iliwaita wenye magari zaidi ya 500,000 nchini Marekani wayarudishe yakatengenezwe bure kwa kosa hilo hilo. 2013! Karibu miaka minne kabla ya Krismasi ile. Uingereza ilisubiri hadi 2017, mzee ameshazikwa, ndipo yakaitwa magari 36,410 ya petroli. Aprili 2018 ukafanyika uchunguzi wa mahakama juu ya kifo kile, vyombo vya habari vikalivalia njuga suala hilo, na Mei idadi ikapanda hadi 312,000, ya dizeli yakiwamo. Sijui mtu anawezaje kuzitazama namba hizo mbili kwa mpangilio huo na kuziita utaratibu wa kawaida wa kibiashara.

Tusidanganyane kwamba Wamarekani wanapendwa zaidi na kampuni za magari. Wana sheria, tangu 1966, na sheria hiyo ina meno. Mtengenezaji akishabaini kwamba gari lake lina kasoro ya usalama, ana siku tano za kazi kuiarifu mamlaka ya usalama barabarani. Barua inamfikia mwenye gari, na matengenezo ni bure. Anayeficha anatozwa faini. Kampuni husema mapema pale inapolazimishwa kusema mapema.

Sasa geuza macho uangalie bandari zetu. Uingereza huendesha kushoto kama sisi, na magari yake yaliyotumika huja huku, ingawa mengi zaidi hutoka Japani. Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2018, wakati Waingereza wanaitwa warudishe magari yao, gari la 2011 lenye kiungio kile kile lilikuwa na haki kamili ya kuteremka Mombasa. Nani angemwandikia barua mnunuzi wake? Wakala rasmi anawajua wateja aliowauzia mwenyewe. Aliyenunua kwa mtu aliyenunua mnadani Japani hamo kwenye daftari la yeyote.

Yalishanikuta, ingawa kwa gari la kampuni nyingine kabisa. Saa mbili usiku, kabla ya kufika Chalinze, dashibodi ilizima, taa zikazima, usukani ukawa mzito kama jiwe. Nyuma yangu kulikuwa na lori la makontena. Dereva wake aliniona kwa kudra za Mungu tu. Nilikata matawi ya miti nikayatandaza barabarani kama sote tunavyofanya, nikasimama pembeni huku miguu inatetemeka. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa; nikanunua betri. Wiki tatu baadaye likazima tena, fundi wa pili akasema oltaneta, nikanunua oltaneta. Wa tatu, kijana mdogo, alifunua kapeti akafuata waya kwa vidole hadi akafika kwenye kiungio kilichokuwa cheusi kwa kuungua. "Hili ni gonjwa la magari haya, mzee," akaniambia. "Nimeshayatibu mengi."

Nimeshayatibu mengi! Kijana yule alikuwa na ujuzi ambao kule lilikotengenezwa gari hugeuzwa kuwa barua kwa kila mwenye gari la aina hiyo. Hapa ulibaki kwenye karakana yake, chini ya mti, na kila mteja aliulipia upya kwa fedha yake. Mwingine hakufika kwenye karakana.

Wapo watakaosema ni wajibu wa mnunuzi: aingie mtandaoni akatazame. Basi wamwelekeze. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 kama ya Marekani na Ulaya. Yana namba fupi ya chasisi, na ukiiandika kwenye ukurasa wa Kimarekani hupati kitu. Ukurasa wa Kijapani upo, na umeandikwa Kijapani. Mwalimu wa Singida aliyekopa benki anunue Toyota ya mkono wa pili atazame nini humo?

Na nyaya ni sehemu tu ya balaa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata iliua watu zaidi ya 20 Marekani peke yake kwa kurusha vipande vya chuma usoni. Baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ndiyo maana Wamarekani walianza na majimbo yao ya joto na unyevunyevu. Tanga, Mombasa, Dar es Salaam, Unguja: tuna nini zaidi ya joto na unyevunyevu? Kwa kipimo chao wenyewe sisi tulistahili kuwa mbele ya foleni.

Ninachokasirikia zaidi kiko hapa hapa nyumbani. Serikali zetu haziwezi kusema hazilijui gari. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kinakuuliza aina, modeli, mwaka, nchi lilikotoka na ukubwa wa injini, na gari likishakuwa kuukuu linatozwa nyongeza kwa uzee wake. Namba ya chasisi inasomwa, inaandikwa, inahakikiwa, kisha inachapwa kwenye kadi. Umakini wote huo ni kwa ajili ya shilingi. Kwa nini namba hiyo hiyo isipelekwe kwa mtengenezaji na swali moja: gari hili liliitwa, na kama liliitwa, lilitengenezwa?

Nataka jibu la swali hilo liandikwe kwenye kadi ya gari kabla ya kupewa namba za usajili. Nataka muuzaji wa yadi alazimike kumwonyesha mteja jibu hilo kabla ya kupokea hata senti. Na kampuni inayoweka nembo yake kwenye boneti iyatengeneze bure makosa yake hapa kama inavyofanya kwingine, hata kama gari limepita mikononi mwa watu watano na minada miwili, kwa maana kiungio kile kilifungwa kiwandani kwake, na hakuna hata mmoja wa watu hao watano aliyekigusa.

Juzi nilipita yadi moja hapa mjini. Magari yamesuguliwa yanang'aa, na kwenye vioo yamebandikwa mwaka, cc na bei. Nikamuuliza kijana wa mauzo kama katika yale yaliyokuwa mbele yetu lipo lililowahi kuitwa na kiwanda. Akanitazama kwa adabu kabisa, akaniuliza, "Kuitwa wapi, baba?"