Mwaka Mpya na Sahani Isiyorudi Tupu

Kila mwaka mpya unapoingia ni ada ya ukurasa huu kuwapa wasomaji mkono wa heri. Tunafanya hivyo tena leo, kwa moyo mkunjufu, kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba na kwa watumishi wa Serikali wanaotusoma maofisini. Lakini mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na kwa hiyo salamu zetu safari hii tumeziandamanisha na habari za mahali ambapo wengi wetu hatujapata kufika. Mahali hapo ni Maguu, upande wa Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, katika milima ya Umatengo iliyo juu ya Ziwa Nyasa.

Msomaji wa Wete au wa Makunduchi ana haki ya kutuuliza Maguu inamhusu nini. Huko hakuna bahari, hakuna karafuu wala minazi, na asubuhi za mwezi wa Juni baridi humlazimu mtu kuvaa koti. Jibu letu ni kwamba watu wa milima ile walikuwa na jambo ambalo sisi nasi tulikuwa nalo. Wao waliliita kwa jina lao na sisi kwa letu, na kwao kama kwetu limefifia katika umri wa watu ambao wangali hai. Mwaka mpya ndio wakati wake wa kulisema.

Tuanze na mwezi wenyewe. Katika Umatengo, Januari si mwezi wa shibe. Kahawa, ambayo ndiyo fedha ya mkulima wa huko tangu miaka ya 1920, huchumwa kuanzia katikati ya mwaka. Inapofika Krismasi sehemu kubwa ya malipo yake imekwisha kumezwa na madeni, mabati na mahitaji ya nyumba. Mahindi yaliyopandwa mvua zilipoanza yangali mabichi shambani. Maharage mapya hayajapandwa bado. Ghala limeanza kuonyesha sakafu yake, na ndipo watoto wanapotakiwa wafike shuleni wakiwa na sare na madaftari. Ada katika shule za sekondari za Serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa hadi kidato cha sita. Ni hatua kubwa, na anayestahili sifa apewe sifa yake. Lakini kiatu hakikufutiwa bei.

Basi katika mwezi kama huo, mama wa Maguu huwaandalia nini wageni wa mwaka mpya? Huandaa alichojaliwa. Unga hupikwa uji, uji ukatiwa kimea, ukawa togwa ya kunywesha wakubwa na watoto. Maandazi hukaangwa kwa mafuta yaliyopimwa kwa uangalifu. Maharage ya akiba hutolewa kwenye chombo chake. Aliye na jamaa mwambao wa ziwa, kule Mbamba Bay au Liuli, huenda akaletewa samaki wakavu, naye akapeleka mahindi na maharage, kwa kuwa huko chini chakula kikuu ni muhogo. Katika karamu hiyo yote hakuna haja ya kitu kilichotoka kiwandani ila chumvi, sukari na mafuta.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwani imezuka tabia, bara na visiwani, ya kudhani kwamba mgeni hajaheshimiwa mpaka afunguliwe soda na pakiti ya biskuti. Hatuna ugomvi na wenye viwanda. Ila biskuti hainunuliwi na asiye na fedha, na asiye na fedha ndiye hasa anayeanza mwaka akiwa peke yake, mlango ameurudisha kwa kuona haya. Andazi la nyumbani halimtahayarishi mtu. Likiwa dogo, majirani wanajua sababu, na yao pia ni madogo.

Wazee wa Kimatengo walikuwa na dawa ya haya hiyo. Waliiita sengu. Watu wa ukoo mmoja waliokaa jirani walikusanyika kwa mzee wao, aghalabu babu, wakala pamoja. Kila mke alipika jikoni kwake kile alichonacho, kikaletwa na kuwekwa pamoja na vya wengine. Mjane, yatima na mgeni hawakuulizwa wameleta nini. Na chakula kilipokwisha watu hawakutawanyika. Hapo ndipo magomvi yalipoamuliwa, vijana wakafunzwa adabu na kazi, na ukoo ukapanga shughuli za msimu, pamoja na kuangalia ni nani mwenzao aliyepungukiwa na ahitaji msaada wa mikono.

Tunaomba viongozi wautafakari utaratibu huo. Shauri lilifuata chakula, halikukitangulia. Kabla mzee hajafungua kinywa kupanga kazi, alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake ni nyumba ipi ambayo chungu chake kimeanza kupungua. Hakuhitaji fomu ya kujazwa kwa nakala tatu ili ajue nani ana njaa.

Hata hivyo hatupendi kuipamba sengu kupita kiasi. Yalikuwa mashauri ya wazee wanaume. Wanawake waliokibeba chungu hawakuwa na sauti iliyolingana na jasho lao. Anayetaka irudi vile vile ilivyokuwa, hatuko pamoja naye. Lakini kilichoififisha si dosari zake. Ilififia fedha ya kahawa ilipomfanya kila mtu awe na hesabu yake na siri yake, na pale mashauri yaliyokuwa ya ukoo yalipohamia katika ofisi ya kijiji. Kati ya mwaka 1999 na 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Kijapani walikuwa wakifanya kazi Mbinga pamoja na wananchi. Katika kijiji cha Kindimba ikaundwa kamati ya kuongoza shughuli za maendeleo, nayo ikapewa jina la sengu. Kulikuwa na majina mengi ya kisasa ya kuchagua, yakaachwa, likachukuliwa lile la chungu cha babu zao. Sisi tunaona hilo lilikuwa ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Sasa tugeukie malengo, maana hakuna mwaka mpya usiokuja na malengo. Hapo pia Umatengo una somo, na somo lenyewe limechimbwa ardhini. Mtu akiitazama milima ile kwa mbali huiona imejaa vishimo vilivyopangwa mithili ya nyavu zilizoanikwa. Hayo ni mashamba ya ngolo. Karibu na mwezi wa Machi, wanaume hufyeka majani marefu, wakayaacha yakauke, kisha wakayapanga kwa miraba juu ya mteremko. Wanawake huchukua majembe, wakachota udongo wa katikati na kuyafunika majani, hata kila mraba ukawa na kingo nne na shimo moja. Maharage hupandwa kwenye kingo hizo, na msimu ufuatao mahindi. Mvua inyeshapo, maji hutuama mashimoni na udongo hukaa mahali pake, majani nayo huoza chini yakawa mbolea. Kwa njia hiyo milima mikali, ambayo kwingineko ingekuwa imekwisha kubaki mawe, imewalisha watu kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna afisa aliyewaagiza waianze. Na hakuna anayeweza kuifanya kazi ile peke yake kwa kiasi cha kutosha: mume bila mke haiwezi, na nyumba isiyo na jirani huchelewa hata mvua za kupandia maharage zikaipita.

Mkoa huo huo umepata kutupa mfano mwingine, wenye uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wachache walianzisha kijiji cha Litowa katika Wilaya ya Songea, wakakubaliana wenyewe walime nini na wagawane vipi. Vijiji vingine vikawafuata, kikaundwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Vilikuwa na shule iliyofundisha watoto kuyaishi maisha ya kijiji chao, na chama kikapata mashine yake ya kupasulia mbao. Watu walitoka mbali kwenda kujifunza huko. Mwezi wa Septemba mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa juu. Hatulitaji tukio hilo ili kufufua lawama za miaka mingi. Tunalitaja kwa sababu baadhi ya ofisi zingali zinaamini kwamba lengo la mwananchi ni halali likishuka kutoka juu, na kwamba likiota chini ni fujo.

Hivi sasa, mwaka huu ukianza, maofisa wa halmashauri wanakusanya mipango ya mwaka wa fedha utakaoanza mwezi wa Julai. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu, na mipango ya kijiji ipitie humo. Sheria ni nzuri. Kinachotutia wasiwasi ni namna mikutano ya aina hiyo inavyoendeshwa mahali pengi: mgeni rasmi hufika jua likiwa utosini, husoma idadi ya miche na magunia ambayo wananchi "watazalisha", watu hupiga makofi, gari huondoka. Aliyekaa nyuma, ambaye ghala lake lilikwisha kabla ya Krismasi, hajasema neno. Miche ya kahawa aliyoandikiwa itahitaji miaka mitatu au zaidi kabla haijampa fedha ya maana, naye anatafuta chakula cha wiki ijayo. Atawezaje kuipalilia?

Rai yetu kwa watumishi hao ni ndogo. Wafike mapema, wakae, wale na watu, ndipo wafungue makabrasha. Wala tusieleweke kwamba tunataka kijiji kimchinjie kiongozi mbuzi. Karamu za kuwapokea wakubwa zimekausha mabanda ya wanyonge vya kutosha. Tunataka ale kile ambacho kaya hiyo hula Januari. Kikiwa ni uji bila sukari, atakuwa amepata taarifa sahihi kuliko ile ya kuandikwa.

Na sisi wa visiwani tusijione tumesalimika. Tuna bahati ya kuufungua mwaka mara tatu, kwani baada ya Januari yetu ya ofisini tuna Muharamu, na tuna Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi wa Julai, siku ambayo ugomvi wa mwaka mzima humalizwa kwa kupigana kwa vigogo vya migomba, na kila nyumba hutamani isikose mgeni. Tulikuwa na sinia moja la watu sita. Tulikuwa na ada ya sahani, ambayo kwayo jirani akikuletea vitumbua huwezi kuirudisha sahani yake tupu. Utatia chochote, hata embe mbili. Leo katika nyumba nyingi za mjini jirani hana sahani ya kurudishiwa, kwa sababu hakuna iliyotoka. Tunamwona sheha siku ya kutaka karatasi na mhuri, tunaonana sisi kwa sisi msibani, na baraza za kahawa ndizo pekee ambazo bado zinashikilia.

Mtu asingoje amri kulianza jambo hili. Wiki hii akaange kitu, apeleke nyumba ya tatu, wala si ya kwanza ambayo amezoeana nayo. Sheha na aite watu wa shehia yake mara moja kabla mwezi haujatoka, pasiwe na karatasi ya kutiwa saini. Na kule Maguu, mkutano wa kijiji wa robo hii uitishwe kabla ya Machi, majani ya ngolo hayajaanza kufyekwa, na wa kwanza kupewa nafasi ya kusema awe mmoja wa wale watakaoshika majembe.