Ameshinda Kesi, na Bado Ndiye Analipa

Tuseme ni mjane wa Gatina, Kawangware, jijini Nairobi. Amempa kontrakta shilingi 300,000 amjengee vyumba vya kupangisha. Jamaa amefikisha ukuta kwenye lenta, akazima simu. Ukuta umepasuka kuanzia kona ya dirisha hadi chini, na ukichokora kati ya mawe kwa ukucha unamwagika mchanga mtupu: simiti ililiwa. Mkataba wao ni ukurasa wa daftari na ujumbe wa M-Pesa.

Kila mtu anamwambia: nenda kortini mama, ukishinda atakulipa gharama zote. Huo ni uongo, na maskini wa mji huu wameuziwa kwa miaka mingi.

Ni kweli kifungu cha 27 cha Sheria ya Kenya ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema gharama hubebwa na aliyeshindwa, isipokuwa mahakama ione sababu nzuri ya kuamua vingine. Lakini nani analipa kabla ya hukumu? Wakili hafungui faili bila kuwekewa pesa mezani. Anayepeleka samansi anataka chake. Ukishinda, bili yako inakadiriwa kwa jedwali la ada. Uliyokubaliana na wakili wako ikizidi hapo, pengo ni lako. Halafu dalali naye anataka chake kabla hajasogea. Na atanadi nini? Mwiko na pimamaji ni vifaa vya kazi, sheria inavilinda, na ni haki ivilinde. Ploti ya kontrakta imeandikwa jina la shemeji.

Mjane akishindwa je? Atamlipia kontrakta wakili wake! Kampuni za ujenzi zinalijua hilo vizuri sana. Barua moja ya wakili yenye maneno "pamoja na gharama" inatosha kumnyamazisha mtu ambaye mali yake yote ni huo ukuta uliopasuka. Kesi imekufa kabla hakimu hajaiona.

Ingia Kibera uone uchungu zaidi. Huko sehemu kubwa ya ardhi ni ya serikali na wengi hawana hati ya chochote. Julai 2018 matingatinga yalibomoa maelfu ya nyumba kupitisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Lang'ata. Aliyebomolewa akitaka kushtaki, Katiba, ibara ya 22, inasema kufungua kesi ya haki za msingi hakutozwi ada. Vizuri. Lakini kufungua ni mlango tu. Hofu ya gharama inamngoja mtu ndani. Mahakama ya Juu yenyewe, katika kesi ya Jasbir Singh Rai mwaka 2014, ilisema kanuni ya mshindwa kulipa si msumari wa chuma, na kwamba maslahi ya umma ni jambo la kuzingatiwa katika kuamua gharama. Mahakimu wanasubiri nini?

Mnaniambia kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ipo, tangu 2021, na ninamshauri kila mwenye dai la fundi lisilozidi shilingi milioni moja aende huko: kesi inapaswa kuisha kwa siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Lakini mawakili wanaruhusiwa. Kampuni inaleta wake, mjane anasimama peke yake na daftari lake. Na ule msaada wa kisheria uliowekewa sheria mwaka 2016, muulize mtu wa Lindi au Kisumu Ndogo, huko huko Kibera, kama amewahi kuuonja.

Ninachodai hakihitaji sheria mpya. Sababu nzuri inayotajwa na kifungu cha 27 ni hii hapa: mtu mwenye nyumba moja anapoishtaki kampuni kwa nia njema, akishindwa asilipishwe hata senti, kampuni imlipe wakili wake yenyewe. Na akishinda, alipwe alichotumia kweli, pamoja na pesa ya mhandisi aliyekagua ule ukuta, na nauli ya kila siku aliyofika kortini akaambiwa kesi imeahirishwa.