Daftari Lisomwe na Wenye Mali

Wafanyabiashara wa Mpondwe, Bwera na Kasese mjini wanaoweka fedha katika vyama vya akiba na mikopo hawana budi kujua misingi ya utawala bora wa kampuni. Si migumu. Mwenye mali ni mwanachama; bodi humsimamia meneja kwa niaba yake; mkaguzi wa nje huhakiki hesabu. Mtu mmoja asishike nafasi zote.

Hata hivyo, mfumo huu una kasoro. Crane Bank ilikuwa na bodi na wakaguzi, lakini Oktoba 2016 Benki Kuu ya Uganda iliichukua kwa upungufu wa mtaji, na Januari 2017 ikaikabidhi DFCU. Mwaka 2019 kamati ya Bunge iliilaumu Benki Kuu yenyewe kwa namna ilivyozishughulikia benki saba zilizofungwa. Msimamizi naye alihitaji kusimamiwa.

Kasoro ya pili ni gharama. Posho za vikao na ada za ukaguzi hutoka katika fedha za wanachama walewale, na chama kidogo huumia zaidi.

Sisi tuliorejea kutoka uhamishoni tunajua hasara ya kukabidhi mali kwa neno la mdomo tu. Kwa hiyo tunawaasa wanachama: mkutano mkuu si wa soda na posho ya usafiri. Dai hesabu zilizokaguliwa. Uliza ni mjumbe yupi wa bodi amekopa, kiasi gani, na kwa dhamana ipi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisilosomwa nalo ni vivyo hivyo.