Mchoro wa Bure, Lugha ya Wachache

Janga la korona lilipotanda mwaka wa 2020, mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua ziliadimika kote ulimwenguni, hata kwa mataifa tajiri. Ndipo wahandisi wakaanza kutoa michoro yao bila malipo. Watafiti wa MIT, Marekani, walieleza jinsi ya kuunda mtambo wa bei nafuu wenye mikono inayoendeshwa na mota, ambayo huuminya ule mfuko wa hewa ambao aghalabu muuguzi huuminya kwa kiganja chake. Mwezi Aprili, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta nao walionyesha mashine yao, Tiba-Vent. (Jina lenyewe lilianza safari kwa Kiswahili, likaishia kwingine.)

Juhudi hizi zastahili pongezi. Hata hivyo, mchoro unaoandamana na maelezo ya Kiingereza peke yake umefunguliwa kwa nani? Fundi wa jua kali wa Kariobangi aweza kukunja bati na kuchomelea vyuma kwa ustadi usio na kifani, lakini kifaa hiki si jiko. Hewa ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mapafu huumia, pengine hupasuka. Ikipungua, mgonjwa hukosa oksijeni. MIT wenyewe walitahadharisha kwamba mtambo wa aina hiyo utumiwe hospitalini tu, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Onyo la namna hiyo lisiposomeka, bei nafuu haimfai mgonjwa kitu.

Wapo watakaodai kwamba madaktari na wauguzi wetu walisomea Kiingereza. Ni kweli. Lakini anayeitwa usiku kukarabati mashine, na anayebadilisha mitungi ya oksijeni, je? Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni kwa nini urasmi huo ukomee kwenye mlango wa wodi.

Lawama, kwa hakika, haiwaangukii wahandisi pekee. Wasomi wa Kiswahili tumekuwa hodari wa kuunda istilahi na kuziacha kamusini. Mmoja huandika "kanieneo", mwingine "shinikizo", na mjadala huo hutupendeza sana ukumbini. Kwenye kijitabu cha mashine ya kupumulia, maneno mawili kwa kipimo kimoja ni hatari. Binafsi ningechagua "shinikizo", kwa kuwa kila aliyewahi kupimwa damu amelisikia.

Chama chetu kina wanachama wa kutosha kuketi na wenzetu wa uhandisi na uuguzi muhula huu. Tusianze na kamusi. Tuanze na ukurasa mmoja wa kubandikwa ubavuni mwa mashine: maana ya kila king'ora, kiwango cha shinikizo kisichopaswa kupitwa, na la kufanya umeme ukipotea, yaani kuchomoa mpira, kushika mfuko na kuuminya kwa mkono huku msaada ukiitwa.