Mtoto wa Bwera Anayetaka Udaktari

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi wa Kasese na Bwera hawakosi washauri. Wengi wana nia njema, lakini ushauri wao umewapotezea vijana wetu miaka mingi.

"Asome kwanza digrii ya baolojia, ndipo aombe udaktari." Haya husemwa na ndugu walioko Marekani, na huko ndivyo ilivyo. Uganda, udaktari wenyewe ndio digrii ya kwanza. Kijana huingia akitoka kidato cha sita, akasoma miaka 5, kisha akafanya mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Mwenye digrii nyingine huruhusiwa kuomba, ila nafasi zake ni chache mno. Kahawa ya familia itakuwa imelipa ada ya miaka 3 ili mtoto arudi kupanga foleni ileile.

"Sayansi ni sayansi, achukue kombi yoyote." Ushauri huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani hadi siku ya kuomba chuo. Baolojia na Kemia ni lazima, zote mbili. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati, hata akipata A tatu, hapiti. Tena masomo hayana uzito sawa. A ni pointi 6, C ni 4. Kemia na Baolojia huzidishwa kwa 3, somo la tatu kwa 2. Basi kushuka kutoka A hadi C katika Kemia kunampokonya pointi 6, katika Fizikia 4. Msichana huongezewa pointi 1.5 katika vyuo vya umma, lakini nyongeza hiyo haifidii Kemia iliyofundishwa ubaoni tu. Kabla ya kuuliza habari za chuo, mzazi aulize kama shule ya kidato cha tano ina maabara inayotumika.

"Bila Makerere, si daktari." Makerere inafundisha udaktari tangu 1924 na heshima yake ni halali. Lakini Mbarara nayo ilianza 1989, ikiwa na desturi ya kupeleka wanafunzi vijijini, na ukitoka Kasese kwenda huko unavuka Katunguru, unapanda Bunyaruguru, unapita Ishaka penye chuo kingine cha udaktari, cha binafsi. Leseni hutolewa na baraza moja kwa wote. La kuhakikisha ni kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa.

"Diploma ya utabibu ni ya walioshindwa." Si kweli, na ni kuwavunjia heshima watu wanaotutibu kila siku katika vituo vya afya. Inasomwa hata Fort Portal, na mwenye diploma anaweza baadaye kuomba udaktari. Ila njia ni ndefu na nafasi zinagombewa. Asiichague kwa kudhani ni mkato.

"Avuke mpaka pale Mpondwe, akasome Butembo, Kongo, kwa ndugu zetu Wanande." Butembo kweli kuna chuo kikuu cha Kikatoliki chenye kitivo cha udaktari, na undugu upo. Lakini masomo ni kwa Kifaransa, na Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakumpi mhitimu leseni ya Uganda. Mzazi aende kwanza kwa Baraza la Madaktari, Kampala, aulize masharti ya kumsajili aliyesomea huko, na apewe jibu kwa maandishi kabla ya kulipa muhula wa kwanza.