Usiku Tuliolala Ruaha Mbuyuni

Mwezi uliopita niliwaahidi kuwa nitawasimulia habari za safari, maana likizo ya Desemba inakaribia na najua wengi wenu mmeanza kuhesabu vifurushi na nauli. Basi nimeona nianze na safari yetu ya mwaka 2018, ambayo mpaka leo nyumbani kwangu haisimuliwi mbele ya wageni. Baba watoto ameniruhusu kuiandika. Niliposema nataka kuiandika alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika, lakini usinitaje jina."

Sisi tunaishi Korogwe, mji ambao wengi wenu mnaufahamu kwa kupita tu mkienda Moshi au Arusha. Anayepita huona mkonge, milima ya Usambara na wauza matunda. Anayeishi huona kwamba hapa hakuna safari ya siri. Ukinunua mfuko mkubwa dukani, muuzaji anakuuliza mnaondoka lini. Fundi akifungua tairi la gari lako, jioni mama wa genge anajua lilikuwa tairi la upande gani. Mwaka ule gari lenyewe ndilo lilikuwa habari, Noah iliyotumika, ambayo mume wangu aliinunua kwa mkopo wa mwalimu baada ya miaka mingi ya kupanda mabasi na watoto mapajani. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwenda nayo kwao Makambako. Aliwaambia ndugu zake kwa simu kwamba tutafika tarehe 23 jioni. Aliwaambia mara tatu.

Tulipanga kuondoka saa kumi alfajiri. Mama mwenzangu, nawe unajua mipango ya saa kumi alfajiri. Usiku uliotangulia alikuja jirani na kiroba cha embe za mtoto wake anayesoma Morogoro. Akaja mzee wa mtaa wa pili na barua ya kupeleka Mafinga, akasema si nzito. Akaja mama mmoja wa kwaya na kuku hai amefungwa miguu, zawadi ya mama mkwe wangu ambaye hawajawahi kuonana. Utamkataliaje? Mwezi wa tatu, nilipolazwa na malaria, ndiye aliyenifulia nguo za watoto. Alfajiri tairi moja likakutwa halina upepo, na fundi alikuwa hajaamka. Baada ya fundi, mlinzi wa kuku wetu hakuonekana. Tulipomaliza kusali pale uani na kufunga mlango, ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, na nusu ya mtaa imesimama kutuaga.

Ni zaidi ya kilometa 700 kutoka kwetu mpaka Makambako. Ukiondoka saa kumi alfajiri unafika jioni ukiwa umechoka kidogo. Ukiondoka saa nne asubuhi, hesabu inakuwa nyingine kabisa, na mimi niliifanya kichwani kabla hatujafika Segera. Sikuisema. Mume wangu alikuwa anaimba, watoto wanashindana kuhesabu malori, kuku ametulia. Mwanamke gani anapenda kuharibu furaha ya namna hiyo?

Chalinze tulipita saa saba na nusu. Morogoro tulipoteza saa nzima na zaidi tukitafuta nyumba ya yule mwanafunzi wa embe, na tulipompata alikuwa amekwenda mpirani. Jua lilikuwa linazama tulipoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi hiyo kwa kilometa zipatazo 50, na huruhusiwi kukimbia, maana wanyama wanavuka watakavyo na ukimgonga mmoja unalipishwa faini inayohesabiwa kwa dola. Watoto waliona twiga wanne na pundamilia wasiohesabika. Mdogo wetu, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza kama twiga nao wanakwenda kwao Krismasi. Tulicheka wote. Huo ndio ulikuwa mwisho wa kucheka.

Tulipotoka Mikumi mjini giza lilikuwa limeingia. Siku hizo mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kukesha barabarani. Ruhusa ile ilikuja mwaka 2023. Kwa hiyo kadiri usiku ulivyoingia tulibaki sisi na malori ya kwenda Tunduma. Nikaanza kumtazama mume wangu. Alifungua dirisha lake mpaka chini. Alijipiga kofi shavuni. Alianza wimbo akauachia katikati, akauanza tena palepale. Akaniomba maji, akanawa uso huku anaendesha.

Nawaambia ukweli nilichokuwa nafikiri. Mwaka 2017 katika mji wetu tulizika baba mmoja na watoto wake wawili. Gari lao liliacha njia usiku, barabara ikiwa imenyooka, hakuna lori wala mnyama. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolala msibani siku saba, na siku ya tano mjane aliniambia jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alisema alimwona mumewe anasinzia tangu mbali, lakini kulikuwa na shemeji yake ndani ya gari, akaona aibu kumwambia mwanamume mbele ya ndugu yake kwamba amechoka. Nililijua hilo. Nilikuwa nalo kifuani pale Mikumi, na bado nikanyamaza. Nilijiambia amebakiza kidogo. Nilijiambia anajua mwenyewe. Wanawake tunaweza kupanga visingizio kama vitambaa vya makochi.

Katikati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni tairi za kushoto zilishuka kwenye changarawe. Sauti ile siwezi kuieleza. Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, alipiga kelele, "Baba!" Gari likarudi barabarani. Hakuna aliyesema neno, isipokuwa kuku. Taa za lori zikatupita, nikaona mikono ya mume wangu inatetemeka kwenye usukani.

Taa za Ruaha Mbuyuni zilipoonekana nilisema, "Baba, tulale hapa."

Akasema, "Wananingoja nyumbani."

Nikasema, "Mbele kuna Kitonga." Mliopita pale mnajua, ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande wa pili, na malori yanapanda kwa kujivuta kama wagonjwa.

"Na hela ya kulala ipo wapi?" Akauliza kwa ukali ambao si wake. Tulikuwa tumebakiza ya mafuta tu na akiba kidogo ya sikukuu, hilo lilikuwa kweli. Lakini katika pindo la kanga yangu nilikuwa na shilingi 40,000 za upatu. Nilikuwa nimeziweka ninunue blanketi Iringa mjini, la mama mkwe, maana Makambako ni baridi na lake nililiona limechakaa. Hakuna aliyejua habari za blanketi hilo. Nikafungua pindo nikaziweka juu ya dashibodi.

Hakuzigusa. Lakini alikata kona akaegesha.

Tulipata vyumba viwili kwa shilingi 30,000. Joto la pale bondeni ni la kukaangia samaki, mbu hawana haya, na harufu ya vitunguu inaingia mpaka kwenye shuka. Mume wangu alisimama nje akampigia kaka yake simu. Madirisha yalikuwa wazi, sote tukamsikia anasema, "Gari limepata hitilafu kidogo. Fundi anaangalia. Tutafika kesho." Binti yangu alinitazama. Mimi nikajifanya natafuta dawa ya mbu. Alipoingia alilala na viatu, na hakugeuka mpaka kulipokucha.

Asubuhi hatukusemezana. Tulipanda Kitonga kwenye ukungu, na mchana ule nilielewa kwa nini tusingeupanda usiku. Kwenye kona moja lori lilikuwa limeharibika limeziba nusu ya njia, na dereva ameweka matawi tu kama alama. Mume wangu aliyatazama yale matawi muda mrefu. Ilula alisimamisha gari bila mtu kumwomba, akanunua ndoo ya nyanya, akaiweka miguuni pangu. Kwa wanaume wengine hiyo ni barua nzima. Iringa tulipita bila kusimama, nami niligeuza uso nisione maduka.

Barua ya Mafinga tuliifikisha. Makambako tukaingia saa saba mchana, na shemeji zangu wote watatu walikuwa barabarani. Kabla hatujamaliza kusema "Kamwene", mmoja alikuwa amefungua boneti. Wanataka kuona hitilafu. Mmoja ni fundi wa trekta, mwingine amewahi kuwa utingo, wa tatu hajui chochote lakini ndiye aliyeongea zaidi. Wakagusa mikanda, wakanusa mafuta, wakauliza lilikuwa linaliaje. Mume wangu akasema lilikuwa linakosa nguvu. Jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile.

Ndipo yule mdogo wetu, amekumbatia kuku wa watu, akasema kwa sauti ya kusoma darasani, "Gari halikuharibika. Baba alisinzia, tukatoka barabarani, Mama akasema tulale."

Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji walitazamana. Nilijua wanachofikiri, kwamba kaka yao ameoa mwanamke anayemwamrisha, na sasa jambo litazungumzwa kwenye ulanzi mpaka mwaka mpya. Mume wangu alifunga boneti taratibu. Kisha akasema, "Ni kweli. Nilisinzia." Akaongeza, "Ningewaua."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekesha jikoni mpaka usiku wa manane akilinda chungu, hilo niliambiwa baadaye. Hakusema kitu. Alimchukua mtoto na kuku, akaingia ndani. Mimi nikamfuata jikoni, na kwa kuwa nilikuwa mikono mitupu nilimwambia, "Mama, safari hii sikukuletea kitu." Sikutaja blanketi. Akanipa kisu nimenye viazi.

Wakati wa chakula alipakua mwenyewe. Mnajua katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, wala haiulizwi. Aliiweka kwenye sahani yangu. Nilidhani amekosea kwa sababu ya moshi na uzee, nikataka kuihamisha. Akanishika mkono. Mume wangu aliona, shemeji zangu waliona, na yule asiyejua magari akaanza haraka kuzungumzia bei ya mahindi.

Nikaila. Ilikuwa imepoa tayari.

Tangu mwaka ule bajeti ya safari ina mstari unaoitwa kulala, na anayeuandika ni mume wangu. Huwa tunalala Mikumi, siyo Ruaha Mbuyuni, kwa sababu ya lile joto. Safari inakuwa siku mbili, watoto wanapata twiga wa jioni na wa asubuhi. Blanketi nilimnunulia mama mwaka uliofuata, jekundu, na alilitumia mpaka alipofariki mwaka 2022. Mjini kwetu fundi bado anatutania kwamba Noah yetu inaogopa giza. Mume wangu humjibu kuwa ndiyo, inaogopa sana.

Mdogo wetu sasa ni kijana, na siku hizi ndiye anayeketi mbele karibu na baba yake, kazi yake kuzungumza. Mimi nimehamia nyuma kwenye vifurushi. Jana tu yule mama wa kwaya amepita getini akauliza tunaondoka tarehe ngapi. Nimemwona anavyolitazama banda lake la kuku.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.