Punguza kilo kwanza, supachaja baadaye

Najua wengi mmekuja hapa mkitarajia mambo ya hifadhidata na programu za simu, lakini leo naomba mnivumilie niongee kuhusu gari. Si gari langu. Mimi bado ni mtu wa matatu na miguu, na kivuko cha Likoni napanda kwa miguu kama kawaida. Ni gari la binamu yangu wa Kisauni, na limetugombanisha karibu mwaka mzima.

Ana Korola ya zamani aliyoitia injini ya Toyota 4A-GZE, ile ya cc 1,587 yenye supachaja. Kwa wale wasiojua: supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Tabo nayo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Zote mbili kazi yake ni kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Ukitaka supachaja isukume zaidi, njia ya mkato ni kuifunga puli ndogo, basi inazunguka kwa kasi zaidi. Puli ni kipande cha chuma tu, unakibadilisha mchana mmoja, na ndiyo maana kila kijana mwenye supachaja anaanzia hapo.

Maoni yangu ni kwamba wanaanzia mahali pabaya, hasa sisi wa pwani.

Binamu alipanda nalo Nairobi. Huko fundi akafunga puli ndogo, akarekebisha taimingi na mafuta, akalijaribu, likaenda vizuri sana. Nimeona video, sikatai, lilikuwa linaruka. Akateremka nalo Mombasa. Wiki ya tatu, akitoka Kibarani kupanda Changamwe, injini ikaanza kugonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Hakupunguza mguu. Kufika juu, moshi wa buluu. Tulipofungua tukakuta pistoni moja imevunjika kwenye kingo za ringi.

Alimlaumu fundi. Mimi niliposikia kisa chote nilicheka (samahani, ndugu yangu), kwa sababu ni kosa ninalolifanya kazini kila mwezi. Unaandika programu, kwenye kompyuta yako inakwenda bila shida, unaipandisha kwenye seva ya mteja, inakufa. Unamwambia mteja, "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Hebu tupige hesabu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni kama asilimia 82 ya ile ya kwetu. Tuseme hewa ya Mombasa ni 100, ya Nairobi 82. Supachaja ya mkanda haijui iko mji gani. Yenyewe inazidisha tu. Ikiwa puli ile inazidisha mara moja na nusu, Nairobi injini inapata 123. Shuka nayo Changamwe, puli ile ile, skrubu ile ile, inapata 150. Yaani fundi aliipima injini kwa mzigo mmoja, sisi tukaibebesha mwingine, na hakuna aliyegusa kitu njiani.

Halafu kuna joto. Hewa ikibanwa hupata moto. Chukua hewa ya mchana wetu, digrii 32, uibane mara moja na nusu. Hata kwa pampu kamilifu isiyopoteza chochote, itatoka na digrii 69 hivi. Pampu za kweli hupoteza, kwa hiyo joto huzidi hapo. Hewa ya moto na presha kubwa ndiyo inayoifanya petroli iwake yenyewe kabla ya wakati wake, na huko ndiko kugonga kunakotokea. Nairobi kuna ubaridi unaokusamehe. Februari ya Kisauni, kaskazi ikivuma na foleni imesimama, haisamehi mtu.

Sasa kilo. Kilo haina habari na presha wala jua. Ukiitoa, imetoka, Nairobi imetoka na Likoni imetoka. Ni kama kufuta mistari ya programu isiyotumika: mstari usiokuwepo hauharibiki.

Baada ya pistoni kutengenezwa (bei sitaitaja, mke wake husoma hapa), tulirudisha puli ya kiwandani. Tukapeleka gari kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani kubwa, likasoma kilo 1,080. Tukaanza kutoa vitu na kupima kimoja kimoja. Sanduku la spika na amplifaya kilo 41! Mtu anatafuta nguvu za injini huku amebeba mtu mzima kwenye buti ili asikie besi. Rimu pana za kung'aa tukabadilisha kwa ndogo nyepesi, kilo 20 kwa zote nne, na hizo ndizo tamu zaidi kwa sababu ni uzito unaozunguka. Vyuma na zana zisizo na kazi, 13. Mazulia mawili mawili na lami ya kuzuia sauti sakafuni, 9. Boneti ya chuma tukampelekea fundi wa upande wa Likoni anayetengeneza maboti ya faiba. Alitushangaa kwanza, kisha akafinyanga nyingine, tukaokoa 8. Jumla kilo 91.

Injini yake kiwandani ilitoa nguvu za farasi 145 hivi. Kutoka kilo 1,080 hadi 989 ni sawa na kuongeza farasi 13 bila kugusa injini. Puli ilimwahidi 15. Na farasi wa puli hawasaidii kwenye breki, wala kwenye kona, wala hawapunguzi petroli. Kilo zilizotoka zinafanya kazi pote huko.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mtu asiye na gari. Haya, mchukueni Patrick Njiru. Safari Rally ya 1993 aliingia na Subaru Vivio, kigari cha cc 658 chenye supachaja. Ile ya barabarani ina uzito wa kilo 700 hivi na nguvu za farasi 64. Mbele yake kulikuwa na Toyota Celica za tabo zilizochukua nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akishinda. Njiru alimaliza wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Colin McRae alikuwa na Vivio kama hiyo, hakumaliza. Kwa hiyo wepesi si hirizi, barabara zetu zinavunja hata chepesi. Lakini kigari cha farasi 64 kumaliza Safari, kimenifunza zaidi ya video zote za puli.

Tulipogombana kweli ni kwenye siti ya nyuma. Binamu, akishaonja utamu wa kutoa, alitaka kutoa siti, mikanda ya usalama na vyuma vya ndani ya milango. Akaniambia gari la mbio halina siti ya nyuma. Nikamwuliza, kaka, Ijumaa watoto unawapeleka Utange kwa nani, kwa mbio? Vile vyuma vya milango vina uzito kwa sababu vina kazi, na kazi yake utaijua siku moja tu. Kwenye programu pia kuna mistari inayoonekana haifanyi kitu mpaka siku umeme unapokatika. Alininunia wiki mbili. Siti ipo, mikanda ipo.

Simkatalii nguvu milele. Baada ya kilo mia za kwanza, kila kilo inakuwa ghali na hapo injini inapata zamu yake. Sharti langu ni kipimo kifanyike huku chini, mchana wa kaskazi, kipoza hewa kikiwa kimefungwa na mtu akisikiliza kugonga. Yeye anataka Nairobi tena, eti fundi yule sasa anajua. Puli ndogo ameificha kabatini, nimeiona.